Mashine Kando ya Kitanda

Jumapili, 5 Mei 1991

Sista Jepkosgei ameniletea daftari hili. Anataka niandike kila siku jinsi ninavyojisikia: kama kichwa kinauma, kama miguu imevimba, kama naona vimulimuli machoni. "Hata mstari mmoja," alisema, "bora nikija nikute umeandika." Haya. Kichwa hakiumi. Miguu imevimba kidogo. Nimechoka kulala.

Ninalala kwa amri ya daktari. Presha ilipopanda mwezi uliopita alisema kitanda, choo, kitanda, basi, mpaka mtoto azaliwe mwezi wa nane. Sikubishana. Mwaka juzi nilibishana, nikaendelea kwenda kupiga taipu kwenye ofisi ya wauza mbao, na yule mtoto hakufika miezi saba tumboni. Nilimzaa peke yangu, Gathogo akiwa safarini.

Kwa hiyo mama mkwe wangu, Mama Wahu, ameacha shamba lake Ainabkoi akaja kunitunza hapa Yamumbi. Alikuja na gunia la viazi, kuku wawili waliofungwa miguu, na kufuli mpya ya geti. Gathogo, mume wangu na mwanawe wa pekee, yuko Uholanzi tangu Septemba. Chuo kikuu anakofundisha, kule Kesses, kilimpa ruhusa ya mwaka mmoja akaandike kitabu chake juu ya mashamba ya ngano. Tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe 27 Julai. Mtoto ni wa Agosti. Tulipanga tukaona tumepanga vizuri.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu asubuhi.

Mahali wanawake wengine huweka Biblia na taa, kando ya kitanda changu kuna kompyuta. Gathogo aliletewa na wafadhili kwa ajili ya utafiti wake, na kabla ya kuondoka akaiweka hapa, akanifundisha. Ina kisanduku kidogo kinachounganishwa na waya wa simu. Nikibonyeza, kinapiga simu chenyewe mpaka Nairobi, kinalia kama paka aliyekanyagwa, halafu kinaongea na mashine nyingine iliyoko kwenye ofisi ndogo ya shirika fulani. Mashine hiyo ya Nairobi hutuma na kupokea barua za ng'ambo mara moja kwa siku. Barua ya Gathogo inayochukua wiki tatu kwa posta hunifikia kesho yake. Jepkosgei nilipomweleza alicheka, akaniangalia kama naona vimulimuli.

Leo barua ya ukurasa mmoja imechukua muda mrefu mpaka Mama Wahu akamaliza kumenya viazi vya chakula cha mchana. Zamani ilikuwa haraka.

Alhamisi, 9 Mei

Polepole tena. Nimefuta barua za zamani kwa sababu Gathogo aliniambia diski ikijaa programu inakuwa nzito. Nimebakiza zile ambazo siwezi kuzifuta. Imesaidia kidogo, au mimi ndiye niliyetaka kuona imesaidia.

Jumapili, 12 Mei

Mvua. Miguu.

Jumatano, 15 Mei

Leo nimegombana na Mama Wahu. Benta, rafiki yangu wa ofisini, alikuja kuniona. Nilisikia sauti yake getini, nikajipangia mito, nikapitisha kitana kichwani. Halafu nikamsikia mama akisema, "Amelala. Rudi siku ingine." Na kufuli haikufunguliwa.

"Mama, sikuwa nimelala."

"Ulikuwa kwa kitanda."

"Niko kitandani saa zote! Ndiyo maana nataka watu waje."

"Watu wanaleta maneno. Daktari alisema usisumbuliwe."

Akarudi jikoni. Anajibu simu kabla sijasema niletewe, anajibu mlango, anafunga geti mchana kweupe. Akienda dukani hunifungia kwa nje. Nikimwambia moto ukitokea nitatokea wapi, anasema hakutatokea moto. Huyu mwanamke amenizidi miaka thelathini na anatembea kama askari jela. Mimi binti wa Bungoma, nyumba ya kwetu mlango ulikuwa wazi mpaka kuku wakalala ndani.

Jumatatu, 20 Mei

Nimegundua kitu. Waya wa simu hupita nje chini ya dirisha langu, na pale ulipounganishwa, maji yanatiririka moja kwa moja. Nilimwomba mama akaukaushe kwa kitambaa na kuufunga na karatasi ya nailoni. Alitoka na mwavuli, akafunga vizuri kama anayefunga kidonda. Jioni barua ikaja bila kukwama. Gathogo anasema anakaribia kumaliza kitabu. Anasema alisoma sehemu yake mbele ya watu, Waholanzi na Wakenya waishio huko, ile sehemu ya nani alipewa mashamba gani baada ya wazungu kuondoka. Anasema walipiga makofi.

Sikupenda hayo makofi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 28 Mei

Mahindi ya jirani yamefika magotini. Nayaona kipande tu, kati ya pazia na fremu.

Jumatatu, 3 Juni

Tangu Ijumaa sijapata barua hata moja. Mashine inapiga, inaunganishwa, taa nyekundu zinamweka kuonyesha inapokea. Inapokea, inapokea, halafu laini inakwaruza na kukatika. Napiga tena. Inaanza upya kutoka mwanzo, haikumbuki ilipoachia.

Nimezima, nimewasha. Nimebadilisha waya. Nimepunguza kila kitu ambacho kitabu cha maelekezo kinasema kinaweza kuila nguvu. Hakuna.

Jumatano, 5 Juni

Imekatika.

Alhamisi, 6 Juni

Imekatika.

Jumatatu, 10 Juni

Sista Jepkosgei alikuja kunipima. Yeye Mama Wahu humfungulia geti, kwa sababu ya sare. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena. "Nani amekuudhi?" akauliza.

Nikamwambia ni barua za kompyuta. Hakucheka. Akasogeza kiti, akaongea chini chini: "Nyinyi mnamjua mwalimu Kiarie wa Kesses?"

Kiarie ndiye aliyemsimamia Gathogo arusi yetu.

"Askari kanzu walimchukua Alhamisi. Pamoja na mwingine. Mke wake, Muthoni, alikuja hospitali yetu na mtoto, akaniambia. Alimpigia simu kaka yake Uingereza kumweleza. Kesho yake asubuhi watu wakaja nyumbani wakamrudishia maneno yake yote, moja moja, kama wanasoma."

Mama Wahu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alimtazama Jepkosgei kwa jicho ambalo lingeweza kukata nyama.

Jumanne, 11 Juni

Nimehama upande wa pili wa daftari. Sista nitampa habari za miguu kwa mdomo, na daftari litalala chini ya godoro.

Leo mvua iliacha mapema, na saa nne hivi gari lilisimama nje. Nilisikia milango miwili ikifungwa. Nikajua si Benta. Mama alitoka. Dirisha langu lilikuwa wazi kidogo, nikasikia kila kitu.

"Mama, habari ya leo. Huyu kijana amerudi?"

"Niliwaambia hajarudi."

"Anarudi lini?"

"Mimi nitajua aje? Mimi ni mtu wa shamba."

"Bibi yake yuko?"

"Ni mgonjwa. Ana mimba. Mkitaka kuingia ingieni, lakini akikufa mkononi mwenu mtazika nyinyi."

Halafu yule wa pili, sauti yake laini, karibu ya upole: "Hatutaki kuua mtu, mama. Tunataka tu kumsalimia kijana akifika. Alisoma hotuba nzuri sana huko. Tunataka atusomee na sisi."

Gari likaondoka. Mama aliingia na kuanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Nikamwita. Hakuja. Nikamwita tena, nikasema nitaamka nije mwenyewe. Hapo akaja.

"Mama, ulisema uliwaambia. Wamekuja mara ngapi?"

Aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajafanya tangu aje.

"Leo ni ya nne. Ile siku ya huyo rafiki yako, gari lao lilikuwa pale kwa kona. Ningemfungulia wangeandika jina lake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelala? Nilikuja kuangalia tumbo, sikuja kulipasua." Akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo. "Baba yake Gathogo walimchukua hivi hivi, wakati wa hali ya hatari ya wazungu. Waliongea vizuri pia. Huyu nilimzaa baada ya yeye kurudi, na yule aliyerudi hakuwa yule alienda. Alikuwa anakula akiwa amesimama. Mpaka amekufa, anakula akiwa amesimama."

Nikamwangalia mikono. Ilikuwa bado inanyoosha shuka. Wiki tano tumelala nyumba moja, nami nilikuwa nimeshughulika kumchukia.

Jumatano, 12 Juni

Akishuka uwanja wa ndege watamchukua pale pale. Tiketi wanaijua au wataijua. Simu haiwezekani, ya ng'ambo ni mpaka upitie kwa opereta, na ya Muthoni tumesikia. Barua ya posta itafunguliwa. Nilifikiri kumtuma Benta Nairobi na ujumbe mkononi. Benta ana watoto watatu, na karatasi hiyo ikikutwa kwenye mkoba wake, nani atawalea?

Inabaki mashine. Zaidi ya Jepkosgei, hakuna mtu mtaani anayejua kwamba inaongea.

Nilifungua programu, nikaandika: Usije. Nikakaa nikiliangalia neno hilo. Mtoto akapiga teke. Nikalifuta.

Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Namtaka. Namtaka awe kwenye veranda ya hospitali siku hiyo, akizungukazunguka na mikono mfukoni, akiwasumbua wauguzi. Nililala nikijiambia labda watamwuliza maswali mawili matatu na kumwachia. Nilijua ni uongo, na niliushika.

Na niliogopa kumwambia mama. Mwanamke mwenye mtoto mmoja tu, utamwambiaje kwamba unataka kumwandikia asirudi?

Alhamisi, 13 Juni

Ni yeye aliyeniuliza. Alileta chai, akasimama akiitazama skrini kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Hii mashine inaweza kumwambia?"

"Kumwambia nini, mama?"

"Unajua nini."

Niliandika tena, maneno machache, na majina hakuna. Nikapiga. Na hapo nikakumbuka utaratibu wa programu hii: kwanza inapokea za kwako zote, ndipo inatuma. Isipomaliza kupokea haitumi hata nukta.

Imekatika.

Ijumaa, 14 Juni

Imekatika mara saba.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele mpaka hatukuweza kuongea. Sikujaribu.

Jumatatu, 17 Juni

Imekatika. Gari lilipita polepole, halikusimama.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeota niko ndani ya waya.

Jumamosi, 22 Juni

Kitabu cha maelekezo kinasema laini ikiwa chafu, punguza kasi. Mashine ikiongea taratibu inasikilizana vizuri zaidi. Nikapunguza kasi mpaka chini kabisa, kama mtu anayemwongelesha kiziwi. Kweli haikukatika upesi. Ilipokea asubuhi nzima, mama akija kuchungulia, "Imeisha?" "Bado." Adhuhuri wingu likashuka na laini ikaenda. Asubuhi nzima, na nimerudi mwanzo.

Ni nini hiki kinachoingia kisichoisha? Barua gani ya asubuhi nzima? Nimeanza kufikiri ni wao. Wamegundua mashine, na wameweka kitu pale mbele, kama gogo barabarani, waone nitafanya nini.

Alhamisi, 27 Juni

Leo nilimpigia Seline, msichana anayeangalia mashine ya Nairobi. Sijawahi kumwona. Mama alivuta waya mrefu akaniletea simu kitandani. Tulikubaliana nitaongea habari za mashine tu.

"Misesi Gathogo! Nilikuwa najiuliza umepotelea wapi. Barua zako zimejaa hapa."

"Inaanza kupokea halafu inakatika. Ikikatika inaanza upya."

"Ngoja niangalie." Nikasikia akibonyezabonyeza. "Uuwi! Kuna kitu kikubwa hapa mbele ya foleni. Kimetoka kwa mzee wako mwisho wa mwezi wa tano. Ni kitabu kizima, sura zote, ametuma kwa mpigo mmoja! Laini yenu na hii mvua haiwezi kumeza hii kitu. Na zingine haziwezi kuruka juu yake."

Kitabu chake. Hakuwa adui, halikuwa gogo la mtu. Ni Gathogo mwenyewe. Alifikiri labda watamnyang'anya karatasi uwanjani, akatanguliza kitabu nyumbani kwa usalama, na kikaziba mlango.

"Kitoe," nikasema.

"Nikikitoa kimeenda, siwezi kukirudisha. Si ni kazi ya miaka?"

"Yeye anacho huko. Kitoe, Seline."

"Sawa. Kimetoka." Kisha akasema kwa wema, "Kama kuna kitu cha haraka unataka kumwambia, nisomee sasa, nimwandikie kutoka hapa."

Ilikuwa neno moja tu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Wakati Seline bado anasema "nimwandikie", nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi cha mwanamume, kikavu, karibu kabisa na sikio langu.

"Hapana," nikasema. "Ni salamu tu. Nitatuma mwenyewe."

Nilipokata, mama alinishika bega. Nikawasha mashine upesi. Ilianza kulia, Nairobi ikaitikia, na wakati huo huo mvua ya mawe ikaanguka, kukawa na mlio mmoja mkubwa nje. Taa zikazimika. Umeme ulirudi jioni. Simu haikurudi. Mama anasema nguzo imelala ndani ya mahindi ya jirani.

Ijumaa, 28 Juni

Simu imekufa.

Jumatano, 3 Julai

Imekufa. Baridi. Mama ameweka jiko la makaa mlangoni na kuacha dirisha wazi. Miguu imejaa maji, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Ijumaa, 5 Julai

Mama ameenda mjini kwenye ofisi ya simu. Walimwambia mafundi ni wachache, arudi wiki ijayo. Alikubali, akatoka, akanunua maziwa, akarudi ndani na kuketi kwenye benchi lao mpaka walipofunga.

Jumanne, 9 Julai

Ameenda tena. Anatembea kwa miguu kwenda na kurudi, kwenye lile tope. Ananifungia kwa nje, na sasa nalala nikisikiliza kufuli na kushukuru. Anabeba kiondo chake na sufu, anafuma sweta ya mtoto pale pale kwenye benchi. Karani alimwuliza, "Mama, simu ya nini na wewe ni mtu wa shamba?" Akamjibu, "Mke wa mtoto wangu atazaa. Damu ikimwagika nitaita gari na kijiko?"

Ijumaa, 12 Julai

Bado wiki mbili. Presha imepanda. Jepkosgei anataka nilazwe. Nilimwomba siku chache. Hakuuliza za nini. Alisema, "Nitapita kila asubuhi kabla ya zamu. Ukianza kuona vimulimuli, nakubeba mgongoni."

Jumanne, 16 Julai

Sweta imeisha. Ameanza kofia.

Alhamisi, 18 Julai

Fundi wa simu amekuja. Anaitwa Wangila, mtu wa kwetu, nilijua kwa ulimi wake kabla hajataja jina. Badala ya kufurahi niliogopa. Kumtuma mtu wa kwenu, si ndivyo wao wangefanya? Nilifunika kompyuta na kanga. Kisanduku kilibaki nje, na waya wake.

Alipanda, akashuka, akabadilisha waya ule wa chini ya dirisha, akaingia chumbani kwa ruhusa ya mama kuangalia kifungio cha ukutani. Akakiona kisanduku. Akakiangalia muda, nami nikaangalia mikono yake. Kisha akanisalimia kwa Kibukusu, akauliza kwetu ni upande gani, nikamwambia. Akafunga skrubu ya mwisho.

"Mama," akaniambia, akiwa bado ameinama, "hii simu ukiongea, ongea habari za mtoto tu. Habari za maziwa. Unanielewa?"

Nikaivuta kanga ifunike kompyuta vizuri.

"Hako kanakolia," akaonyesha kisanduku kwa bisibisi, "kakilia, mtu akisikiliza anasikia kelele tu. Anatoa kitu masikioni anaenda kunywa chai." Akakusanya vyombo vyake. Mama alimpa mayai. Aliyachukua bila kututazama, akaenda.

Labda alinitega. Labda alinihurumia. Sina njia ya kujua, na siku zimeniishia.

Ijumaa, 19 Julai

Imekwenda.

Kasi ya chini kabisa. Mama alisimama nyuma yangu akishika kiti. Zilizokuwa zimekwama ziliingia moja baada ya nyingine, barua zake za wiki saba, ananiuliza mbona kimya, nimekosea nini. Kisha taa ya pili ikamweka, ile ya kutuma. Nilikuwa nimeandika: Usije. Kiarie amechukuliwa. Wanakungoja wewe. Sisi ni wazima.

Nililia mpaka mama akaniambia nitamharibu mtoto. Yeye alikaa jikoni muda mrefu, na hakuna kilichokuwa kikipikwa.

Jumanne, 23 Julai

Amejibu. Anakuja.

Anasema hakufanya kosa, alisoma mambo yaliyomo kwenye gazeti rasmi la serikali. Anasema akibaki huko ataonekana mkosaji. Anasema hawezi kuniacha nizae peke yangu mara ya pili, na mama si kijana, na akifa nani atamzika? "Heri niwe kwenye selo ya Kenya kuliko kwenye chumba chenye joto nikisoma kuhusu mazishi yenu." Anaandika vizuri. Siku zote anaandika vizuri.

Nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ya kunizika," akasema, "isome tena."

Nikaisoma tena.

Jumatano, 24 Julai

Asubuhi mama alinawa, akavaa kitambaa cha kanisani, akaleta kiti mpaka mbele ya mashine.

"Inaandika vile mtu anasema?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kubadilisha?"

"Bila."

"Basi andika. Mwambie ni mimi." Akatafuta maneno. "Gathogo. Ni mama yako. Mke wako ana mimi. Mimi nina yeye. Usikuje. Nikishikwa na ugonjwa, usikuje. Nikikufa, usikuje. Watu wa Ainabkoi wako na majembe, watanizika. Ukikuja nikiwa hai utaniua, na ukikuja nikiwa nimekufa utakuwa umenitukana. Nimekuzaa mara moja. Sitaki kukupokea kama nilivyompokea baba yako." Akapangusa pua. "Umeandika yote?"

"Yote."

"Soma."

Nilisoma, sauti ikinikatika. Alitikisa kichwa kukubali. "Tuma kabla sijageuza nia."

Nikabonyeza. Anga lilikuwa kavu, waya ulikuwa mpya, nami asubuhi nilikuwa nimerudisha kasi ile ya kawaida. Mama alikuwa amejiandaa kungoja, alikuwa hata amekunja kanga magotini. Taa ikamweka mara mbili.

"Inaenda?"

"Imeshaenda, mama."

"Yote?" Akaiangalia skrini, akaigusa kwa ncha ya kidole. "Haraka hivyo?"

Jumamosi, 27 Julai

Jioni gari lilikuja. Sauti ile ya upole ikauliza kama kijana amepitia njia nyingine. Mama akasema, "Mimi ndiye nilitaka kuwauliza nyinyi." Walikaa nje ya geti mpaka giza lilipoingia. Kwa mara ya kwanza hawakuaga.

Jumatatu, 29 Julai

Barua ya Gathogo. Mstari mmoja: Nimesikia, mama.

Ijumaa, 2 Agosti

Vimulimuli. Jepkosgei amekuja na gari la hospitali. Naandika nikiwa nimekaa

Jumatano, 14 Agosti

Tumerudi nyumbani. Walinipasua. Ni msichana, mdogo, sauti yake kubwa kuliko yeye. Kwa desturi ya upande wa baba ameitwa jina la bibi yake mwenyewe, Wahu. Bibi yake alipoambiwa alisema jina hilo halina bahati, halafu akambeba na hajamweka chini.

Jumapili, 18 Agosti

Gathogo amepata kazi ya kufundisha huko, ya muda. Kurudi hakuzungumzwi. Sisi kutoka pia hakuzungumzwi, niliomba pasipoti kupitia kwa Benta na wakamwambia faili langu linashughulikiwa, wakamwuliza yeye anakaa wapi. Gari bado hupita. Geti bado tunafunga, sasa kufuli nafunga mimi.

Barua zinakuja kila siku, mara nyingine mbili, na hakuna inayokwama. Ya leo inauliza jambo moja tu. Picha haziwezi kutumwa kwa posta, anajua. Basi nimwambie kwa maneno: mtoto anafanana na nani?

Nilimlaza kitandani kwenye mwanga wa dirisha. Mama akaja, tukamtazama wote wawili. Paji la uso, pua, ule mdomo uliobenuka, hata masikio: ni mama yangu wa Bungoma mtupu, hakuna mahali Gathogo alipogusa.

"Utamwambia nini?" mama akauliza.

Niliandika: Anafanana na wewe.

Mama hakujua kusoma, lakini alijua. Aliuweka mkono wake juu ya wangu, tukabonyeza.